Kuku wa Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Naomba! Shahada ya uzamili, ulaji endelevu wa chakula, chuo cha mbali, ufadhili kamili. Nilimwambia Mama Mdogo akiwa ameloweka miguu kwenye beseni baada ya kuosha vyombo hotelini kutwa. Akanitazama. Kwa hiyo unakwenda kusomea kula? Nikamwambia ni kusomea jinsi watu watakavyokula bila kuimaliza dunia. Akasema basi waje wamuulize yeye, hajawahi kumaliza hata sahani. Tulicheka mpaka Kitinda, mwanawe wa mwisho, akaamka.

Lakini nalitaka jambo hili. Digrii ya lishe ninayo, na kazi yangu ni kupokea vitunguu kwenye stoo ya hoteli.

Jumatano, 5 Machi

Andiko langu litahusu mabaki ya hotelini. Nani anayajua kuliko mimi? Mkutano ukiisha, trei za bufee zinarudi jikoni nusu zimejaa. Sheria ya hoteli: yote pipani. Sheria ya jikoni: kisichoguswa kinaingia kwenye ndoo, na ndoo inakwenda nyumbani "kwa kuku". Kila mwosha vyombo pale anafuga. Mama Mdogo anao watatu — Kitinda na kaka zake wawili. Wote wana sare za shule.

Na mimi nilikuwa kuku wake wa kwanza, tangu mama alipofariki. Wali wa sherehe za watu ndio ulionikuza. Hayo sitayaandika, bila shaka. Nitaandika "mabaki".

Ijumaa, 7 Machi

Chuo kinataka barua ya mwajiri. Yaani Meneja, Bwana Pafyumu — unamnusa kabla hujamwona. Mama Mdogo amenishauri nimwendee asubuhi, akishapata kahawa yake. Akanipigia pasi blauzi yangu mwenyewe, eti mimi naunguza kola.

Jumatatu, 10 Machi

Alinipa kiti! Alisikiliza! Akauliza, hivi chakula kinachotupwa hapa ni kingi? Nikasema si kingi kama anavyodhani, kwa sababu kuna mfumo. Neno hilo lilininogea mdomoni. Mfumo gani? Nikaeleza. Ndoo. Wafanyakazi. Kwamba chakula kinaokolewa, kinalisha familia, na kwamba kwingine wanalipa wataalamu kubuni kitu kama hicho. Akasema yeye anajua ni cha kuku. Nikacheka. Bosi, hakuna kuku!

Akacheka pia. Akasema nina akili sana, barua ataiandika kwa mkono wake. Nilitoka pale nusura niruke.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu.

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa jikoni. Mabaki yote yamwagiwe sabuni na dawa ya choo kabla ya kutoka. Mikoba ikaguliwe getini. Mpishi mkuu alilisoma kwa sauti, akarudia, akavua kofia yake. Kisha akampa chupa Mama Mdogo, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa masinki.

Akamwaga. Nyama, wali, matunda yaliyokatwa vizuri. Povu la kijani juu ya kila kitu. Mwanzoni alimwaga kidogo kidogo, halafu mkono ukazoea. Huko kuzoea ndiko kulikonitisha.

Jioni tumekula uji. Kitinda akauliza, kwani leo hapakuwa na mkutano? Mama Mdogo akasema ulikuwepo, ila kuna mtu ametuchoma kwa Meneja.

Mdomo wangu! Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 13 Machi

Jikoni wanamtafuta mchomaji. Wamemtuhumu mhudumu mpya wa vinywaji, kwa sababu anavaa saa nzuri. Hawamwachii chai. Leo alikula mkate mkavu peke yake kwenye ngazi.

Hakuna anayenishuku. Mimi ni mtoto wa nyumbani. Nilipita pale kwenye ngazi na sikusema kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Wamemshika Mama Mdogo. Mikate midogo, ile ya duara, chini ya aproni. Mlinzi anayetaniana naye kila siku ndiye aliyeiona. Alimwomba msamaha huku akimpeleka ofisini.

Amesimamishwa kazi. Bwana Pafyumu alimuuliza, na binti yako wa stoo, naye anachukua? Akajibu kwamba sijui lolote, sijawahi hata kuonja. Nyumbani alinisimulia kwa fahari. Nimekukinga mwanangu, barua yako isiingie doa.

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma, na wanaokula ni wao tu.

Jumanne, 18 Machi

Barua imetumwa. Bwana Pafyumu alinionyesha nakala, akitabasamu. "Kwa uaminifu wake alitufichulia wizi wa chakula uliokuwa umekita mizizi." Nikasema asante. Nikasema asante!

Mama Mdogo akauliza, inasemaje? Inanisifu, nikamjibu. Akasema, si nilikwambia umwendee baada ya kahawa.

Jumatatu, 24 Machi

Wameniita kwenye usaili. Ijumaa, kwa njia ya video. Mama Mdogo alipiga vigelegele peke yake katikati ya jiko lisilo na kitu. Siku hizi anafua nguo za watu, na vidole vimeanza kuchubuka.

Nilitaka kumwambia pale pale. Nimeahirisha. Kwanza nipate ufadhili, niwe namtumia chochote kila mwezi, ndipo niseme. Ukweli uliofungwa pamoja na pesa huenda usimuume sana. Najidharau kwa mpango huu, na ndio mpango nilio nao.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika usaili ukiwa haujaisha.

Mtandao wa hapa nyumbani unapatikana dirishani tu. Mama Mdogo hakutaka nimwombe mtu mwingine. Watoto amewapeleka kwa jirani, na yeye amesimama dirishani ameinua simu juu ili kompyuta ipate mtandao, mimi niko mezani na kompyuta ya kuazima. Tulianza vizuri. Profesa mwenye miwani aliitikia kwa kichwa kila nilichosema. Mama Mdogo alikuwa akitabasamu kila nikitamka neno gumu.

Kisha mama mmoja mwenye mvi, kando ya profesa, akachukua karatasi. Akasema, mwajiri wako anaandika kwamba wewe ndiye uliyemweleza kuwa wafanyakazi wanabeba mabaki. Yeye anasema huo ni wizi. Sasa wale wafanyakazi, yaliwapata nini baada ya hapo?

Picha ikakwama. Mtandao umekatika huku amenitazama.

Naandika ili nisiinue macho. Mama Mdogo hajageuka. Namwona mgongo tu, kwa pembe ya jicho, na mkono ule ule uko juu na simu. Nimemwita. Mama. Nimemwita tena.

Sauti imerudi kabla ya picha. Wanauliza, unatusikia?

Yeye ndiye aliyewajibu, bado amenipa mgongo.

"Anawasikia. Atawaambia sasa hivi."