Wifi Anavilaani Vitabu Vyangu Hadharani, Pembeni Ananiomba Sura Inayofuata

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba haraka, maana Jumapili ijayo kuna kikao nyumbani kwetu na mshtakiwa ni mimi, na kosa langu, tafadhali usicheke, ni kusoma vitabu.

Si vitabu vya matusi, Shangazi. Ni riwaya za mapenzi, ila mapenzi yenyewe yana mbio na risasi na watu kuning'inia, na ninazozipenda kupita zote ni zile ambazo mwanamume na mwanamke hawapatani hata kidogo, kila mmoja anamwona mwenzake nuksi, halafu hatari inawabana mpaka inabidi washikane mikono wakiwa bado wamenuniana. Niliyokuwa nayo safari hii ni ya mwanamke fundi kufuli na mpelelezi aliyewahi kumtia pingu. Mtoto ametekwa, mpelelezi hawezi kuufungua mlango wa watekaji bila yule mama, na yule mama hawezi kuufikia huo mlango bila mpelelezi, basi wanakwenda pamoja wakitukanana njia nzima, na mimi na akili zangu timamu, mama wa mapacha, nimeunguza sufuria kwa ajili ya watu hao.

Mimi ni mshonaji kwenye karakana ya sare, za shule na za wauguzi, chumba kirefu nyuma ya maduka ambacho sakafu yake iko chini kuliko barabara, unashuka ngazi kuingia. Saa ya chakula nilikuwa nawasomea wenzangu kwa sauti, cherehani zote kimya, huyu anatafuna, yule amejilaza juu ya majora ya vitambaa, na nikitaka kuishia pabaya nasikia, "Usiache hapo, wewe! Tutashonaje roho ikiwa juu juu?"

Msimamizi wetu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye karakana nzima tunamwita Bi Mkasi, kwa ajili ya mkasi mkubwa anaoutundika shingoni na kwa ajili ya ulimi wake. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, kwa hiyo neno lake nyumbani kwetu ni neno la mama, na tangu harusi yetu mimi na yeye tunasalimiana kwa kuwaogopa watu. Basi siku moja akatoka kwenye kijiofisi chake, kile kilichotengwa kwa ubao mwembamba tu, akanikuta nasoma, akasema mbele ya wote, "Hapa tunashona sare, hatushoni uzinzi." Akapiga marufuku. Jioni akampigia simu mdogo wake, akamwambia mwanamke anayeshinda na wanaume wa kwenye karatasi atamwona wa nyama na damu hafai. Baba Pacha ni fundi friji, mtu wa maneno machache. Alicheka tu, akaniuliza, "Huyo wa kwenye karatasi anajua kubadilisha kompresa?" Nikacheka na mimi, yakaisha.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja wenzangu walipoondoka mchana, wifi akanizuia nimalizie kola za wauguzi, na nina hakika ilikuwa adhabu. Ikashuka mvua, si mvua ya mchezo, mtaro wa barabarani ukaziba, maji yakateremka ngazi zetu na kuingia chini ya mlango bila hodi. Tulianza na matambara, tukaja na ndoo, tukaona tunajidanganya, na mimi kwa kuwa ni mke wa fundi nikakimbilia meni swichi nikazima umeme. Mlango ule unafunguka kwa nje, na maji yaliyojaa kwenye ngazi yaliusukuma ndani, tukausukuma wawili, haukutikisika. Simu ya wifi ilikuwa imeshazama. Nikampigia mume wangu, inaita haipokelewi, nikarudia mpaka chaji ikakata, na maji yamefika magotini.

Palibaki kidirisha cha juu, juu ya meza ya kukatia, kinachotokea usawa wa barabara, kimegandishwa na rangi ya miaka mingi.

"Mimi sitoki dirishani kama mwizi," wifi akasema.

"Basi baki uwe samaki," nikamjibu, na Shangazi, tangu niolewe sikuwahi kumjibu.

Akanitazama nikadhani atanizaba kofi. Kumbe anavua mkasi shingoni. Tukapanga majora juu ya meza, akapanda na goti lake bovu, akawa anakwangua rangi kwa ncha ya mkasi, mimi nimemkumbatia kiuno asianguke, na huku chini viti vinaelea majini.

"Huko kwenye vitabu vyako," akaniuliza bila kugeuka, "saa hizi wangekuwa wanafanya nini?"

"Wangekuwa wanatukanana, wifi."

"Basi hatujakosea."

Akakwangua, akakwangua, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Yule fundi kufuli, pale darajani... mpelelezi aliuachia mkono wake?"

Nusura nimwachie mimi. Kumbe muda wote alikuwa anasikiliza nyuma ya ubao wake, na marufuku yake mwenyewe ndiyo iliyomkatia hadithi mahali pabaya!

"Hakuuachia," nikamwambia.

"Nilijua. Ana kiburi lakini si mtu mbaya."

Dirisha likafunguka. Nikamsukuma kwa bega, akakwama kiunoni, nikasukuma tena, akanitukana matusi ambayo sijui alijifunzia wapi, akapita. Nikadhani ndiyo basi, sasa nani atanisukuma mimi, mara nikaona amelala kifudifudi kwenye tope la barabarani, mikono yake yote miwili imeingia dirishani. "Shika, mjinga wewe! Shika, sikuachii!" Akanivuta mpaka mkono wa gauni langu ukachanika begani, tukakaa kwenye ukingo wa barabara tunacheka na kulia kwa pamoja, watu wanatutazama.

Baba Pacha akatokea baadaye anakimbia, amelowa chapachapa, mkoba wa vifaa begani, kumbe alikuwa ndani ya chumba cha baridi cha bucha fulani, simu ameiacha nje, na alipotoka akakuta nimepiga mara zile zote. Mimi nilikuwa bado natetemeka nikamwambia, "Yule mpelelezi angekuwa ameshafika." Watu wakacheka, akanivisha koti lake, tukaenda nyumbani.

Kesho yake, Shangazi, mume wangu akavikusanya vitabu vyangu vyote vya nyumbani kwenye gunia, akavifungia stoo anakoweka friji za watu. Akasema niape nimeacha kusoma, na nikikataa anaitisha kikao. Nikakataa. Najua kabisa hii ni sumu ya dada yake, na ushahidi ninao. Jumatatu tunakausha karakana, wifi akaniita nyuma ya majora, ananong'ona, "Ile sura inayofuata unayo?" Kitabu kile kilikuwa kimesalimika na maji na gunia, kwenye mkoba wangu niliokuwa nimeutundika juu ukutani karakanani, nikampa. Anakisoma ofisini amejifungia. Lakini siku chache baadaye akaja kwetu, baba mdogo wa mume wangu yupo sebuleni, na huyo huyo wifi akasimama akasema, "Vitabu hivi vinabomoa nyumba, mimi nilishasema!" Huku anatazama ukuta. Na mkoba wake uko wazi kwapani, na pembe ya kitabu changu naiona kwa macho yangu inachungulia! Nikaenda kuchemsha chai.

Shangazi, sitaapa. Hilo nimeshaamua na sihitaji ushauri juu yake. Nashona, nalea, sijamnyima mtu haki yake, na saa yangu moja na kitabu changu ni yangu. Ninachokuuliza ni kimoja. Jumapili, wifi atakapoanza kunisema mbele ya baba mdogo, niuchukue ule mkoba niumwage mezani? Maana mkono unaniwasha.

Ni mimi,
Mama Pacha, mshonaji

Shangazi anajibu

Marahaba, Mama Pacha. Chai yangu imepoa kwa ajili yako. Ulipofika pale dirishani hata mimi nilishika meza, kwa hiyo pole sana, na hongera kwa kuzima umeme kabla ya jambo lingine lolote. Wengi wangekumbuka pochi kwanza.

Usiumwage mkoba. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nina ugomvi na wewe.

Umeniandikia habari ndefu ya wifi, na ya mume ukaipitisha mbio mbio ukitumaini sitaiona. Nimeiona. "Yule mpelelezi angekuwa ameshafika." Ulimwambia hivyo mbele ya watu, watu wakacheka, na dada aliyemlea amekaa hapo hapo anasikia. Mama Pacha, ulimi gani huo? Mtu ametoka kwenye baridi, ameona simu zako, moyo umempasuka, amekimbia kwenye mvua na mkoba wa vyuma begani, na wewe unamlinganisha na mwanamume ambaye hajawahi kulowa kwa sababu hana mwili! Huyo mpelelezi wako hajawahi kuamka alfajiri kutafuta dawa ya kikohozi ya mapacha. Naye Baba Pacha akafanya nini? Akavua koti akakuvisha.

Sasa nipe jibu la kweli. Dada yake alipomsemea vitabu mara ya kwanza, alikasirika? Alikutania na kompresa. Vitabu vimo nyumbani siku zote na hakugusa hata kimoja. Amevigusa kesho yake baada ya lile neno. Wewe unatafuta sumu kwa wifi, na chupa iko mkononi mwako.

Na mumeo naye simwachi. Baba Pacha, najua gazeti hili litakufikia kabla ya Jumapili, kwa mkono wa mkeo au wa jirani. Mtu mzima hafungiwi vitu vyake stoo kama mtoto aliyeiba sukari. Umeumia, sema nimeumia, neno hilo halijamuua mwanamume yeyote. Na mambo ya wawili hayaitishiwi kikao kabla wawili wenyewe hawajakaa. Lirudishe gunia lile.

Turudi kwa wifi yako. Ndiyo, ni mnafiki, na hata mimi nimecheka kwa ule mkoba. Lakini mtazame vizuri. Amekuwa mama wa watu tangu akiwa msichana. Kazi yake maisha yote imekuwa kukemea, kukata na kupima, na sasa, utu uzima huu, ameonja kitu kinachompendeza yeye peke yake, na anaona haya kama aliyefumaniwa. Anavikemea vitabu kwa nguvu ili asisikie anavyovipenda. Ukiumwaga mkoba huo mbele ya baba mdogo utashinda mchana mmoja, na Jumatatu utamkuta pale pale karakanani, na utakuwa umemwaibisha mtu aliyelala kwenye tope kukuvuta. Usithubutu.

Kunyamaza nako sikutaki. Kesho ingia ofisini kwake, funga mlango, umwambie hivi: "Wifi, kitabu soma umalize, nitakuletea kingine. Jumapili mimi siapi. Na wewe hutanilaani kwa kitu kilichomo mkobani mwako. Ukishindwa kunitetea, nyamaza." Usitishe, usipandishe sauti. Ataelewa, huyo si mjinga. Na ukiwa humo humo mwambie marufuku ya saa ya chakula iishe, wenzako wasomewe kama zamani, na yeye atoke nyuma ya ubao akae kwenye kiti kama watu wengine.

Kuhusu kuapa, nakuunga mkono moja kwa moja. Usiape. Hakuna aibu kwa mwanamke kupenda hadithi za watu wasiopatana wanaolazimika kuaminiana. Baba mdogo akikuuliza, mjibu kwa heshima na kwa ufupi: "Nasoma, na nitaendelea kusoma." Usiongeze maelezo. Mwenye maelezo mengi huonekana ana kosa.

Lakini kabla ya hayo yote, leo, watoto wakiwa wanacheza nje, mfuate mumeo huko kwenye friji zake. Usimwombe radhi kwa kusoma, maana kusoma si kosa. Mwombe radhi kwa sentensi ile moja. Mwambie uliogopa, mwambie ulitaka aje yeye, ndiyo maana ulimpigia yeye na hukumpigia mtu mwingine. Hilo hukuniambia mimi, nimelisoma mwenyewe kwenye barua yako, na huenda yeye hajawahi kuambiwa. Kisha mnyamazie, umpe nafasi aseme lake, hata kama linachukua muda. Ni mtu wa maneno machache, usimmalizie sentensi.

Na Jumapili, watu wakiingia sebuleni, usikae kwenye kile kiti cha mshtakiwa, peke yako, ng'ambo ya chumba. Kaa kando ya mumeo, bega kwa bega, umemmiminia chai yake. Wanaokuja kuwahukumu wawakute mmeshapatana.