Salamu Niliyomfundisha Dada Noi

Ijumaa, Aprili 1996. Mlabani. Mvua tangu alfajiri, sasa imekatika kidogo.

Haya Mpekuzi, karibu. Najua utalifungua tu daftari hili hata nikilificha chini ya godoro, kwa hiyo leo nakusalimia kabisa, kaa vizuri. Nina jambo, na nisipoliandika litanipasua kifua.

Mimi ndiye niliyeharibu.

Siyo harufu, siyo roho mbaya ya majirani. Mimi, Tere, niliyejifundisha Kiingereza mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada wala herufi A.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiwa na haraka huwa naruka mambo.

Tangu mwezi wa kwanza nafanya kazi kwa Wathailandi, ile nyumba yenye ua wa michongoma. Bwana Wichai ni mtaalamu wa mpunga, anashinda mashambani maji yakiwa magotini. Mkewe, Dada Noi, anabaki nyumbani na mimi. Watoto wa mtaa wanamwita Mchina, maana kwao mgeni yeyote wa kutoka kule mashariki lazima alikuja kujenga reli. Nimechoka kusahihisha. "Siyo Mchina, ni Mthailandi!" Wananijibu, "Haya, Mchina wa Thailandi."

Mle ndani ni shule, Mpekuzi. Siku ya kwanza nilipika wali wa mgeni, wa heshima: nazi, chumvi, punje zinang'aa. Dada Noi akala kijiko kimoja, akatabasamu, akanywa maji. Kumbe kwao wali ni mweupe mtupu. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna nazi. Utamu wote uko kwenye mboga. Na mboga zenyewe sasa! Kambale kwa mchaichai na ndimu. Papai bichi analikata nyuzinyuzi, analitwanga kwenye kinu kidogo na kitunguu saumu, karanga na pilipili mpaka masikio yanapiga filimbi. Nilipomsimulia mama yangu akasema, "Papai bichi? Hilo si la kulainishia nyama ya ng'ombe mzee?" Halafu kuna chupa ya maji ya samaki, ya kahawia, inanuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa. Wiki ya kwanza nilikuwa nabana pua. Wiki ya tatu nilikuwa naitia mwenyewe kwenye matembele yangu kwa siri.

Kitu kimoja tu tulikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Bwana Wichai alileta mchele wa Supa kutoka Mlimba, Dada Noi akafungua gunia, akazamisha uso mzima. Alikaa humo muda. Alipoinua kichwa alikuwa na machozi na vumbi la mchele puani. "Nyumbani," akasema. Nilimpenda siku ile ile.

Sasa, kosa.

Mwezi uliopita tunaosha vyombo, akaniuliza kwa ile lugha yetu, nusu Kiswahili chake na nusu Kiingereza changu cha kamusi: kwao watu wakikutana asubuhi wanaulizana kama wameshakula wali. Hapa aseme nini? Mimi si mtu wa kufikiri mara mbili, unanijua. Nikamjibu palepale: "Umeshakula wali?" Nikamfanya arudie mara kumi, ishirini, mpaka akawa anaiimba. Nikajiona mwalimu kweli. Hata mabinti wawili wa jirani nilikuwa nimeanza kuwafundisha Kiingereza kibarazani, na mtaa ulishaanza kuniita Mwalimu.

Sikumuuliza watu wanajibu nini kule kwao. Sikumwambia hapa swali hilo lina maana gani.

Hapa ukiniuliza kama nimekula, umenikaribisha. Nikisema bado, unageuza chungu. Ndivyo tulivyolelewa.

Na huu ni mwezi gani, Mpekuzi? Mpunga uko shambani bado kijani. Nusu ya watu wako huko kwenye madungu, vile vibanda vya kulindia mpunga, wanafukuza ndege. Maghala yamebaki na panya na pumba. Tunakula mihogo, tukibahatika ugali. Wali tunauota tu. Halafu mtu anatoka kwenye nyumba yenye magunia, anakutanisha viganja kifuani, anainama vizuri, anauliza kwa sauti tamu kama umeshakula wali. Unasema bado. Anatabasamu. Anaondoka.



Mimi sikujua. Nilichoona ni majirani kubadilika tu. Bombani Dada Noi akifika, maongezi yanakatika. Mama Kalista, anayeuza samaki mlangoni kwake na ndiye kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa, kila Dada Noi akienda anaambiwa samaki wameisha, na beseni liko pale limejaa perege wanapiga mikia. Dada Noi akaniuliza, "Tere, kwa nini?" Na mimi, badala ya kusema sijui, nikajifanya najua. Nikamwambia ni harufu ya ile chupa, inafika mpaka njiani.

Sijui neno "sijui" ninaliogopea nini.

Basi akaifunga chupa kwenye mifuko mitatu, akaisukuma uvunguni mwa kitanda. Akaacha kutwanga papai. Akaanza kupika ugali, na wali akautia chumvi, anakula huku anatazama ukutani. Amekonda. Jumatatu nikamkuta amekaa kwenye sanduku lake la nguo. Akaniambia Jumanne ijayo atapanda treni. Bwana Wichai atabaki mpaka mavuno, yeye hawezi tena. "Hapa watu hawanitaki," akasema, wala hakulia. Afadhali angelia.

Leo asubuhi nikasema liwalo na liwe. Nikachukua kikapu, nikaenda mwenyewe kwa Mama Kalista. Mvua inanyesha, yeye yuko chini ya upenu anaparua samaki.

"Shikamoo Mama Kalista."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Nimekuja kuuliza. Dada Noi amekukosea nini?"

Akaendelea kuparua, magamba yanaruka mpaka usoni kwangu. "Bosi wako mwenyewe humuulizi? Au kwenye kamusi yako halipo?"

"Mama, anaondoka Jumanne."

Kisu kikasimama.

Ndipo akaniambia. Siku ya kwanza aliulizwa na Dada Noi njiani kama ameshakula wali. Akasema bado, mama. Akadhani amealikwa. Akaenda kuoga, akavaa khanga zake mpya za Pasaka, akaenda. Siku hiyo mimi nilikuwa mashineni kukoboa. Dada Noi akamfungulia mlango, akafurahi, akamwinamia, akamuuliza tena: umeshakula wali? Mama Kalista akasema bado. Dada Noi akamletea glasi ya maji. Wakasimama pale wanatazamana wanachekeana, mpaka maji yakaisha.

"Harufu ya wali inatoka jikoni, Tere. Nimesimama pale kama mtoto anayesubiri ukoko. Mimi! Na wajukuu nimewaacha na mihogo, nimewaambia bibi amealikwa kwa wageni. Nikarudi na khanga zangu. Kesho yake ananiuliza tena. Na keshokutwa. Kila siku! Nikasema huyu ananicheka."

 Nikakaa kwenye kigoda chenye maji.

Nikamwambia ni salamu. Kwao ni kama shikamoo, kama habari za asubuhi, mtu anajibu tu na maisha yanaendelea. Na aliyemfundisha ni mimi.

Mama Kalista akanitazama. Nikasubiri nipigwe na samaki. Badala yake bega likaanza kutikisika, halafu tumbo, halafu akaachia kicheko mpaka kuku wakatoka uvunguni mwa kitanda. "Salamu! Yesu na Maria! Na jirani yetu Baba Fidelis wa watu, kwa kuulizwa hivyo tu, kakaa siku tatu kamkasirikia mkewe, anamwambia wewe umekwenda kulalamika njaa kwa wageni!" Akajifuta macho kwa kiwiko. Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Lakini aibu niliyobeba siku ile haikuwa ya kuchekesha."

"Najua, Mama."

"Hujui. Ila utajua. Nenda kamwambie kwanza mwenye mdomo wake."

Sikupewa samaki.

Kumwambia Dada Noi kulikuwa kugumu kuliko hapo. Nilisimama mlangoni nalowanisha sakafu, nikasema yote, na Kiingereza kilipoisha nikaigiza: huyu ni Mama Kalista, hii ni glasi. Akaweka kiganja mdomoni. Nikadhani atanifukuza. Nilikuwa tayari kufukuzwa, ningestahili.

Akauliza kitu kimoja tu. "Yule mama, siku ile, alikuwa na njaa?"

Nikasema ndiyo.

Akainuka, akaenda jikoni. Akapima mchele, siyo vikombe viwili vya kila siku. Alijaza sufuria kubwa ya kuchemshia maji ya kuoga. Nikamwambia polepole, safari hii bila kukimbia, kwamba wali wa kumpelekea mtu hapa una chumvi na nazi. Akanisukumia mbuzi ya kukunia. "Wewe nazi," akasema. "Mimi mboga." Akaingia uvunguni akatoka na chupa, akavua mifuko yote mitatu. Jamani, harufu ile! Nilikaribia kupiga vigelegele.

Tulitoka saa nane, yeye na bakuli la wali kichwani. Ndiyo, kichwani, ameshika kwa mikono miwili na shingo imekakamaa. Mimi na papai la kutwanga na kambale wa mwisho tuliyemkausha. Mtaa mzima milangoni. Mtoto mmoja akaanza "Mchi…" mama yake akamziba mdomo.

Kwa Mama Kalista Dada Noi akapiga magoti kwenye tope, akaweka bakuli, akasema sentensi niliyomfundisha njiani: "Mama, nisamehe, sikujua." Halafu akaongeza moja ambayo sikumfundisha, sijui aliitoa wapi: "Nilikunyima."

Mama Kalista hakucheka. Alimwinua kwa kiwiko, akamfuta tope kwenye gauni kwa khanga yake. Akafunua bakuli, mvuke ukampiga usoni. Wajukuu watatu wakatokea kama waliitwa kwa tarumbeta. Akamega tonge la wali, akachovya kwenye lile papai, akala. Akakohoa. Akanywa maji. Akakohoa tena, machozi yanamtoka.

"Huyu anataka kuniua," akasema, "lakini si kwa njaa." Akamega tena.

Wengine wakaangua kicheko huko milangoni. Dada Noi naye akacheka bila kujua wanacheka nini, na sikumtafsiria. Nilikuwa nalia kidogo.

Tulipotaka kuchukua bakuli, Mama Kalista akaliwekea mkono. "Liacheni. Nitalirudisha mwenyewe." Nikamweleza Dada Noi njiani kwamba hapa bakuli halirudi tupu, na mtu anayekaa nalo anataka kuja kwako. Akasimama katikati ya njia. Akaniuliza mara tatu ahakikishe kwamba safari hii najua kweli. Nikaapa.

Lakini Mama Kalista alikuwa amenivuta pembeni, na hapa ndipo nilipokwama, Mpekuzi.

Kasema yeye ameelewa, na majirani wa karibu wameona. Ila mtaa una watu, na huko madunguni maneno yalishafika. Jumapili baada ya misa tunakutana jumuiya, wote watakuwepo. "Mtu asimame aseme. Mimi nikisema watadhani nimehongwa kwa wali. Unaweza kusema mgeni alikosea mwenyewe, lugha ilimshinda, na watamsamehe, mgeni husamehewa. Au useme ulivyoniambia mimi. Chagua mwenyewe, mwanangu. Mimi sitakutaja."

Unaona mtego? Mgeni akikosea anasamehewa. Mwalimu akikosea anabatizwa jina mpaka azeeke. Baba Fidelis atakuwepo. Mama yangu atakuwepo, mstari wa mbele kama kawaida. Wale mabinti wa kibarazani watakuwepo na baba yao, aliyeniambia wiki iliyopita, "Tere, wewe utafika mbali." Na nikisema lugha ilimshinda Dada Noi, hakuna atakayejua, hata yeye mwenyewe hatajua, Kiswahili chake hakijafika huko.

Lakini Dada Noi amejifunza kwa wiki nne kila kitu nilichomwambia, na hakupinda hata silabi moja. Lugha haikumshinda. Aliisema vizuri kabisa.

Jioni hii Bwana Wichai amerudi na tope mpaka kiunoni. Akakuta mkewe anatwanga, anaimba kwa lugha yao. Akanijia uani, akaniuliza taratibu kama aende kesho stesheni kuulizia ile nafasi ya Jumanne. Nikafungua mdomo nijibu haraka kama kawaida yangu. Nikaufunga.

"Sijui," nikasema. "Subiri Jumapili."

Mara ya kwanza neno hilo limenitoka, na sikufa.

Sanduku la nguo bado liko mlangoni, ila juu yake ameanika mchaichai. Huko nje mvua imekatika kabisa, na kutoka mtoni upepo unaleta harufu ya mpunga unaoanza kutoa masuke. Zimebaki wiki sita tu, kila nyumba itakuwa na cha kupika. Natamani awepo. Natamani aone ghala la Mama Kalista limejaa na ale kwake mpaka ashindwe kuinuka.

Nimeshachagua gauni la Jumapili, lile la bluu lenye mifuko, ili mikono ipate pa kujificha. Cha kusema bado nakiandika na kukifuta.

Haya, wewe uliyejificha humu unasoma mambo ya watu: ungekuwa ni wewe umesimama mbele ya jumuiya nzima, na mama yako anakutazama, ungesema lipi?