Kuonja Nako ni Kula, Mpishi Mkuu

Mshauri wetu wa redioni, shikamoo, nakuandikia haraka kabla sijabadili mawazo. Mimi ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, mwaka wa kumi na tisa sasa, watu mia mbili na arobaini kila mchana, na sijawahi kurudishiwa sahani hata moja, nasema kwa kujivuna kwa sababu ni kweli. Ijumaa nafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, nimeusubiri miaka miwili, magoti yamechoka na sukari haishuki, na daktari alisema wiki mbili kabla nisile chochote kigumu, maziwa na supu iliyochujwa tu, nami nikajikaza, watoto wanakula mezani mimi nashika kikombe changu, leo siku ya kumi sijagusa sahani, hata mume wangu amenikubali, lakini asubuhi muuguzi kanipigia, "Mama, hujala kitu?" nikamjibu, "Sijala kabisa," nikakata simu, nikaonja mchuzi, nikaonja maharage, nikaonja wali, hapo ndipo nikaanza kuhesabu, maana naonja sufuria sita, kila moja mara nne, na sisi wapishi kuonja hatuhesabu kuwa ni kula, wallahi haikunijia akilini. Mume wangu anasema, "Nyamaza, mke wangu, watakuahirishia bure." Msaidizi wangu simwamini na chumvi. Nifanyeje?

Mpishi wa Kiwandani

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote. Siku kumi unapikia watu wote hao na hujakaa mbele ya sahani! Mimi ningeshindwa siku ya kwanza, saa nne asubuhi. Jivune, una haki.

Sasa nikugombeze. Sufuria sita mara nne ni vijiko ishirini na vinne kwa siku, na hiyo ni sahani nzima. Masharti yale si adhabu. Yanalisinyaza ini, kwa kuwa limelalia tumbo la chakula, na likiwa nene daktari anapata taabu kulisogeza, hatari inakuwa yako. Mumeo namheshimu, lakini si yeye atakayepasuliwa. Mtafute muuguzi yuleyule, mtajie vijiko vyote, na dawa zako za sukari pia. Labda watasema endelea, labda watasogeza tarehe. Waamue wao.

Na usidhani ukitoka hospitali umemaliza. Wiki za mwanzo ni vya kunywa tu, kisha vyakula laini, kama watakavyokupangia. Kipande kigumu cha kuonjaonja kinaweza kuudhuru mshono wa ndani. Baadaye utakula kidogo, utatafuna taratibu, maji utayanywa mbali na chakula, na vitamini utameza maisha yako yote, hata ukijisikia mzima wa afya. Kliniki usikose. Ukipata homa, maumivu makali au kutapika kusikokoma, kimbia hospitali.

Jingine huenda hukuambiwa: baada ya upasuaji, baadhi ya watu ladha huwabadilika. Ulimi uliokupa jina unaweza kukusumbua kwa miezi. Basi mpe msaidizi wako kijiko kuanzia leo, simama pembeni, mfundishe. Akizidisha chumvi watanung'unika, halafu watakunywa maji na maisha yataendelea. Wewe tunakuhitaji ukiwa mzima.

Najua unanisikiliza ukiwa jikoni. Weka mwiko chini, mwanangu, upige simu.