Mstari wa Majivu

Jumanne, 6 Mei 2025

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Mstari wa mazoezi ni mfupi, na niliuchora mimi.

Mvua ya wiki iliyopita iliufuta ule wa Mwalimu Ambilikile. Akanituma niuchore upya kwa majivu ya pumba za mpunga, mita kumi kutoka kwenye zile chupa za mchanga. Nilipaswa kuomba futi ofisini. Lakini ofisi ilijaa walimu — nikaona haya. Nikahesabu hatua kumi. Hatua zangu!

Wasichana wanatoka mstarini na mpira, wanafika kwenye chupa, wanageuka nao, wanarudi mbio. Mimi sichezi. Nashika saa na daftari. Tangu siku ile wote wana kasi. Prisca, nahodha wetu, katoka sekunde 5.2 hadi 4.6. Mwalimu kasema huyu lazima aende Mbeya kwenye mchujo wa timu ya mkoa. Prisca akanikumbatia, akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, Asia, saa yako ina baraka.

Leo nimechukua futi dukani kwa baba, nikapima. Mita nane na sentimita sabini.

Jumatano, 7 Mei

Nimefika uwanjani kabla ya wote. Nimefuta, nimechora upya. Mita kumi kamili. Nilidhani yameisha. Kwenye daftari la hesabu ukisahihisha kosa, linaisha.

Jioni: Prisca 5.2. Mara ya pili 5.3. Wenzake nao wakarudi nyuma vilevile. Mwalimu akasema sifa zimemlevya nahodha, na uvivu wake umewaambukiza wengine. Doreen, mchezaji mwenzake, akadakia kwamba nahodha ameshapanda basi la Mbeya, hapa imebaki jezi tu. Wakacheka. Prisca naye akacheka, kidogo.

Ningesema palepale. Badala yake nikaandika 5.3 daftarini.

Ijumaa, 9 Mei

Mwalimu kampa Prisca adhabu: kugeuka mara thelathini, peke yake, kwenye tope. Fupisha hatua, inama, vuta mpira, ondoka — kila mara maneno hayohayo ya Mwalimu. Mimi nikihesabu. Kwenye ishirini na mbili mguu ulibaki kwenye tope, mwili ukageuka. Aliinuka haraka. Akamaliza zote.

Baadaye, nyuma ya darasa, akanionyesha goti. Limevimba, linang'aa.

"Usimwambie Mwalimu," akasema. "Ile nne nukta sita imo mwilini mwangu. Naitafuta tu."

Anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Na ni mimi niliyemwandikia.

Jumamosi, 10 Mei

Sijala. Mama kauliza kama ni malaria. Nimesema labda.

Jumatatu, 12 Mei

Prisca katoka kwao Ngana mapema ili nimpime kabla ya kengele. Anachechemea. Alikimbia mara moja. 5.9. Akasema turudie.

Nikasema hapana. Nikamwambia yote — walimu ofisini, haya zangu, hatua kumi, futi ya baba. Nilikuwa natazama chupa, siyo yeye.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa juu ya mstari, sketi ikajaa majivu.

"Kwa hiyo mimi sikuwahi kuwa na kasi?"

Nikamwambia 5.2 ni yake kweli, kwa mita kumi kamili, na hakuna mwingine shuleni anayeifikia. Ilitosha tangu mwanzo. Akaliangalia goti. Akaanza kumwaga mchanga kutoka kwenye chupa, moja moja.

Nikaenda ofisini. Walimu wote walikuwemo. Mwalimu Ambilikile alikuwa na orodha ya wanaokwenda Mbeya mbele yake, na rula, anakata jina la Prisca. Niliweka futi juu ya karatasi. Nikasema shikamoo. Kisha nikasema mstari niliuchora mimi.