Ukurasa wa Tatu wa Mkataba wa Gari la Generosa

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Geita
Tarehe: 17 Juni 2025
Muda wa kuanza: saa 5:05 asubuhi
Jina: Limi Mayala
Umri: miaka 43
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: kununua na kuosha marudio ya dhahabu
Makazi: Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini

Nimeelezwa kuwa natakiwa kusema ukweli, na kwamba nikidanganya kwa makusudi naweza kushitakiwa. Nimeelewa. Ninaeleza kwa hiari yangu, kwa Kiswahili, mbele ya D/Sajenti Ansgar.

Mimi ni mkazi wa Mwakitolyo tangu mwaka 2011. Kazi yangu ni marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa mara ya kwanza. Tunaununua kwa rundo, tunauosha tena au tunaupeleka kwenye mitambo ya kuchenjulia.

Mlalamikaji, Generosa Mageni, namfahamu kwa miaka tisa. Ni mwenyeji wa Ushirombo. Mimi namwita Mama Monika, yeye ananiita Mama Denis. Tulikuwa tunanunua marundo pamoja, nusu kwa nusu.

Mwezi Agosti 2024 tulikuwa na rundo moja kubwa nyuma ya karasha. Mwanangu Denis alikuwa anatakiwa kulipa ada chuoni. Nilimwomba Generosa aninunulie nusu yangu, akanipa shilingi laki tisa taslimu. Hakunilazimisha, na bei niliitaja mwenyewe. Mwezi Oktoba rundo lile lilipelekwa kwenye mtambo, likatoa gramu mia moja na kumi na nne. Nusu ya hizo ni gramu hamsini na saba. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi.

Mwezi Mei 2025 Generosa aliniambia anataka kununua gari la kubebea dagaa kutoka Nkome hadi machimboni, aachane na mchanga. Aliniomba nimsindikize Geita kupatana bei. Machimboni ninajulikana kwa kupatana. Nilikubali.

Mnamo tarehe 10 Mei 2025, siku ya Jumamosi, tuliondoka Mwakitolyo saa 11 alfajiri. Saa 4:10 asubuhi tulifika kwenye yadi ya magari ya Nasibu Kalenge, hapa Geita mjini. Nasibu mwenyewe alitupokea. Alitusalimia, "Mwangaluka, mama zangu," ingawa yeye si Msukuma. Nilimwambia kwa salamu hiyo atupunguzie laki moja kabla hatujakaa. Alicheka.

Gari alilolitaka Generosa lilikuwa Probox nyeupe, iliyotoka bandarini, haijatumika nchini. Viti vilikuwa bado na nailoni. Bei iliyobandikwa kwenye kioo ilikuwa shilingi 19,800,000. Tulipatana kuanzia saa 4:30 hadi saa 6:15 mchana. Tulifika 17,600,000.

Hapo Nasibu alitoa karatasi nyingine yenye ada nne: maandalizi ya gari 400,000, faili 150,000, ulinzi wa yadi 90,000, usajili na namba 350,000. Generosa alitaka kulipa. Nilimzuia mkono.

Nilimuuliza Nasibu, "Ada ya faili ni nini?"

Akasema, "Ni faili la mteja, mama."

"Nionyeshe."

Akainua jalada la kaki lililokuwa mezani.

Nikamwambia, "Hili dukani ni mia tano."

"Kuna na kazi ya kulijaza."

"Nipe peni, nitalijaza mwenyewe."

Kuhusu ulinzi, alisema gari limelala yadi siku kumi na nane, kila siku shilingi elfu tano. Nilimuuliza lilikuwa linalindwa kwa ajili ya nani. Akasema kwa ajili ya mteja. Nikamwambia, "Mteja amefika leo saa nne. Tudai ulinzi wa kuanzia saa nne."

Aliniuliza kama natafuta kazi. Alifuta ada ya faili na ya ulinzi, maandalizi akayakata nusu, usajili ukabaki. Jumla Generosa alilipa shilingi 18,150,000. Alipewa risiti. Niliiona.

Wakati Nasibu anachapa mkataba, aliniuliza, "Na wewe mama, lako lini?"

Kabla sijajibu, Generosa alisema, "Huyu alikuwa na nusu yake kwenye mzigo ule ule, akaniuzia. Angesubiri miezi miwili tu, leo tungechukua mbili, utupe punguzo la jumla."

Nasibu alicheka. Generosa alicheka. Na mimi nilicheka.

Sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Ndivyo anavyosema na watu.

Mkataba ulikuwa tayari saa 7:05 mchana. Ulikuwa na kurasa nne. Hapa naomba nieleze jinsi tunavyofanya kazi. Pale karasha kwetu, mwenye mzigo hasimami mbele ya mizani. Mwenzake ndiye anayesoma, yeye anageuka na kutazama pembeni. Sababu ni kwamba mnunuzi akiuona uso wa mwenye mzigo anajua kama ana shida, anashusha bei. Kwa hiyo mwenzako ndiye macho yako. Akisema mizani iko sawa, iko sawa, na wewe hurudii kusoma. Mimi na Generosa tumefanya hivyo miaka yote. Mimi nimemsomea, yeye amenisomea, na hatujawahi kupotezeana hata pointi moja ya gramu.

Generosa ameishia darasa la saba na anajua kusoma vizuri. Lakini mkataba ulipowekwa mezani alisimama, akaenda mlangoni, akatupa mgongo. Alisema, "Nimegeuka, Mama Denis. Soma wewe."

Nilisoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina na namba za gari. Nilizilinganisha na zilizopigwa kwenye chesesi, zilikuwa sawa. Ukurasa wa pili ulikuwa na bei na ada, kama tulivyopatana. Ukurasa wa tatu, kifungu cha tisa, kilisema kwamba kadi ya gari itabaki yadi mpaka mnunuzi alipe gharama ya ukaguzi wa mwisho ndani ya siku thelathini, na asipolipa, muuzaji ana haki ya kulirudisha gari yadi bila kutoa taarifa. Mahali pa kiasi palikuwa na nukta tu. Hapakuwa na tarakimu.

Nilikisoma kifungu hicho mara mbili. Nasibu alikuwa ananitazama. Sikumuuliza kitu.

Generosa aliuliza kutoka mlangoni, "Vipi?"

Nilimjibu, "Iko sawa."

Alirudi, akasaini ukurasa wa nne bila kufungua zile nyingine. Mimi nilisaini chini yake kama shahidi wa mnunuzi. Nasibu alisema kadi itafuata, akatoa ufunguo mmoja. Nakala ya mkataba alisema tutaipata pamoja na kadi. Generosa alinitazama, nami nilitikisa kichwa kukubali.

Saa 7:40 mchana tulitoka nje. Generosa alikuwa amekodi dereva wa kutupeleka nyumbani. Nilifungua mlango wa mbele. Aliniambia, "Kaa nyuma na mimi, Mama Denis. Mbele nataka mama yangu awe wa kwanza kukaa." Nilikaa nyuma. Safari yote kiti cha mbele kilikuwa kitupu na nailoni yake.

Nimeulizwa kama maneno ya kiti ndiyo yaliyonifanya ninyamaze. Hapana. Nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Lakini kama nilikuwa na nia ya kumwambia njiani, iliishia hapo.

Nimeulizwa nilitaka nini kitokee. Sikutaka anyang'anywe gari. Nilitaka limsumbue. Nilitaka aitwe Geita mara mbili au tatu, akae kwenye benchi la Nasibu, atoe laki mbili nyingine, arudi amechoka, aje kwangu aseme gari ni mzigo. Nilifikiri kiasi kitakuwa kidogo.

Siku zilizofuata nilimwona karibu kila siku. Gari lilikuwa linapita mbele ya karasha likienda Nkome na kurudi. Tarehe 31 Mei aliniletea ndoo ndogo, sado moja ya dagaa, akakataa hela. Alisema kwa wiki tatu amepata faida kubwa kuliko miezi mitano ya mchanga. Nilimshukuru. Dagaa tulikula siku nne.

Siku ile angeweza kulipa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Tarehe 8 Juni, siku ya Jumapili, baada ya misa, padri alilibariki gari lake. Nilikuwepo. Mama yake alikuwa amekaa kiti cha mbele, nailoni imetolewa. Mama yule ananiheshimu sana kwa sababu ya binti yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Generosa ameniambia wewe ndiye uliyepambana na wale wafanyabiashara." Nilimwambia tulipambana wote. Siku ya thelathini ilikuwa kesho yake. Nilijua hivyo wakati namwamkia.

Mnamo tarehe 12 Juni 2025, siku ya Alhamisi, saa 8 mchana, Generosa alinipigia simu kutoka Nkome. Alisema watu wawili wamefika mwaloni, pale ufukweni wanapopakia dagaa, na ufunguo wa pili, wameonyesha karatasi, wameondoka na gari likiwa na magunia kumi na moja ya dagaa ndani yake. Hakuwa analia. Aliniuliza, "Mama Denis, kwenye ule mkataba kulikuwa na kitu cha siku thelathini?"

Nilimjibu kwamba mtandao unasumbua, nikakata simu.

Tarehe 13 Juni alikwenda yadi. Nasibu alimwambia alipe shilingi 3,600,000 za ukaguzi wa mwisho, la sivyo gari litauzwa. Alimwonyesha mkataba. Generosa alikuja kwangu saa 2 usiku akiwa amebeba picha ya mkataba huo kwenye simu. Aliniambia, "Ukurasa huu wameuchomeka baadaye. Haukuwepo. Ungekuwepo ungeniambia." Hakuniuliza. Alikuwa ananieleza mimi.

Ndivyo alivyowaeleza polisi. Nimesomewa maelezo yake leo. Amesema mara tatu kwamba ukurasa wa tatu ni wa kughushi, na kwamba mimi nitathibitisha.

Leo asubuhi tumepanda basi moja kuja Geita. Alinilipia nauli. Njiani alisema, "Wewe sema tu ulivyosoma." Yuko nje kwenye benchi.

Nimeonyeshwa mkataba uliochukuliwa yadi. Kurasa tatu, wa kwanza, wa pili na wa nne, nazitambua. Sahihi iliyo ukurasa wa nne ni yangu. Ukurasa wa tatu hauna sahihi ya mtu yeyote. Nimeelezwa na Sajenti kwamba kwa sababu hiyo, neno langu lina uzito.

Nilikuja na nia ya kusema haukuwepo. Ilikuwa rahisi. Generosa angepata gari lake, Nasibu angejibu kesi ya kughushi, na mimi ningebaki Mama Denis. Nimekaa na karatasi hii mkononi dakika kama kumi. Sajenti hakunisukuma.

Ukurasa wa tatu ulikuwepo. Ni huu huu. Haukuchomekwa. Tofauti ni moja: mahali pa kiasi palipokuwa na nukta, sasa pameandikwa kwa peni 3,600,000. Tarakimu hizo hazikuwepo wakati Generosa anasaini. Nina uhakika, kwa sababu nilisoma mara mbili, na nilijiuliza itakuwa kiasi gani.

Nimeulizwa kama ninatambua kwamba maelezo haya yanapingana na ya mlalamikaji. Ninatambua. Nimeulizwa kama kuna mtu wa yadi aliyenipa chochote. Hakuna. Hata ile elfu ishirini ya shahidi, ambayo kwa kawaida mnunuzi hutoa, alinipa Generosa, nami nikaipokea.

Nimeulizwa kama nina ugomvi naye. Sina. Hajawahi kunikosea kitu ambacho ninaweza kukitaja hapa kikaandikwa.

Nimeulizwa kwa nini basi nimeamua kusema. Nimemwambia Sajenti kwamba sijui vizuri. Nikisema ukurasa haukuwepo na mahakama ikagundua, kesi yake inakufa yote. Nikisema kiasi kiliandikwa baadaye, kuna kitu cha kumsaidia, lakini hakuna namna ya kukisema bila kusema kwamba nilisoma. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuitaja. Kama kuna nyingine, ile iliyoninyamazisha mwezi Mei, sijaitafuta.

Hayo ndiyo niliyoyasoma, na hayo ndiyo niliyoyanyamazia. Ni kweli kwa kadiri ninavyojua na kukumbuka.

Sahihi ya shahidi: L. Mayala

Uthibitisho wa mwandikaji

Mimi D/Sajenti Ansgar nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa usahihi kama yalivyotolewa. Nimemsomea shahidi, ameyakubali, hakutaka kuongeza wala kupunguza, amesaini mbele yangu. Mkataba umehifadhiwa kama kielelezo. Ukurasa wa tatu utapelekwa kwa mtaalamu wa maandishi.

Shahidi aliuliza kama mlalamikaji atayasoma maelezo haya. Alielezwa kuwa shauri likifika mahakamani yatasomwa. Aliuliza kama kituo kina mlango mwingine wa kutokea. Alielezwa kuwa mlango ni mmoja. Alikaa hadi saa 7:20 mchana, kisha akatoka.

D/Sajenti Ansgar
17 Juni 2025