Strungi ya Makina

Nekesa wangu,

Leo hapa Makina, Kibera, nimekunywa chai bila kunusa kikombe kwanza. Kisima cha Mama Halima, landiledi wetu, kiliingiwa na mafuta ya taa, wapangaji wakataka kifukiwe. Mimi na vijana wa ploti tulitia dawa ya maji, wapi. Tukayavuta kwa pampu wiki nzima, mvua iliponyesha harufu ikarudi. Mwisho tukayachuja kwa pipa la makaa yaliyopondwa. Majirani wakapika chai, wakasema maji yako poa, kumbe wamejaza tangawizi, nayo huficha harufu.

Mama Halima akachemsha strungi tupu, chai bila maziwa wala kiungo. Akaonja, sisi roho mkononi. Kisha akasema, "Haya, leteni sukari."

Kisima kimebaki. Nisalimie watoto. Nikirudi nimenenepa, ujue ni chai.

Wako, Wafula