Nyungu Niliyosema Imepasuka

Nyambura,

Leo nimesimama tena kwenye ule uwanda nje ya Nanyuki, na nimekuonea wivu tena. Nilidhani kifo chako kingeniponya. Hakikuniponya.

Wamekuja wapimaji wengine. Wanapima kile kile tulichopima na yule profesa, miaka ile baada ya Uhuru: jinsi mwamba wa chini kabisa, maili nyingi chini ya miguu yetu, unavyopitisha umeme. Wameniajiri kwa sababu niliwaambia najua kazi ya nyungu. Na kweli naijua. Nachimba shimo, nalilowesha, nafukia nyungu ndogo ya udongo yenye maji ya buluu, dawa ile ile tunayopulizia kahawa, na waya unatoka humo mpaka kwenye mashine. Nyungu ikipasuka, mashine inadanganya. Hayo tu ndiyo niliyofundishwa.

Wewe ulikuwa hemani. Tulitoka Othaya pamoja, tukalala kitanda kimoja, lakini wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne na mimi niliachia darasa la saba ili kaka yangu asome. Ukapewa kalamu, nikapewa jembe. Profesa alikuita Miss Nyambura. Mimi aliniita mama wa nyungu, na wakati huo sikuwa na hata mtoto wa kusingiziwa. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikangoja ulitie maji. Hukulitia. Kila jioni ulinimegea nusu ya mkate wako wa hemani, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku ya mwisho mashine ilichora kitu ambacho profesa hakukitarajia. Yeye alishikilia kwamba mwamba wa huko chini ni mkavu, unakataa umeme. Wewe ulirudia hesabu mara tatu, ukamwambia hapana, chini kabisa unaupitisha, huenda kuna joto au maji ya chumvi. Alifurahi, akaandika jina lako juu ya karatasi. Jina lako, Nyambura, kwa wino. Mimi nilikuwa mlangoni, matope magotini.

Nikasema nyungu ya upande wa mlima ilikuwa imepasuka.

Ilikuwa nzima. Magari yalikuwa yanaondoka asubuhi, hapakuwa na nafasi ya kupima upya, kwa hiyo profesa akaipiga karatasi yako mstari mwekundu. Ulinitazama, ukasema, "Mimi niliona hiyo nyungu ikiwa sawa. Lakini wewe ndio unazijua." Nikaificha nyungu kwenye kiondo changu asije akaikagua.

Ukarudi Othaya kufundisha watoto hesabu. Siku ya mazishi yako wanafunzi wako walilia wakishindana kukusifu, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu mtu aliye ndani ya jeneza.

Leo wapimaji wameliona jambo lile lile. Msichana anayesoma mashine yao amepigiwa makofi. Wanasema ati hakuna mtu aliyewahi kuliona. Kwanza nikakuonea wivu wewe, kwamba ulikuwa sahihi. Kisha nikamwonea wivu yule msichana, kwa sababu sifa aliyovikwa ni yako.

Na wewe ulijua. Ulipokuja kunitazama nilipojifungua, uliiona nyungu rafuni, mdomo wa buluu, imejaa mbegu za maharagwe. Uliishusha, ukaipapasa kitako polepole, ukasema, "Hii nyungu ni mzuri. Usipatie mtu." Kisha ukaomba chai. Hata hapo ulinishinda. Ulikuwa na siri yangu mkononi, na ukairudisha rafuni.

Kesho nitazimwaga mbegu, niibebe mpaka hemani. Nitaijaza maji mbele ya mkubwa wao, niiache mezani mchana kutwa. Itatoka jasho kama nyungu zote nzuri, lakini haitavuja. Nitawatajia jina lako waliandike, na nitawaambia aliyelifuta ni nani. Wakinifukuza kazi, na wanifukuze.

Lala salama, mwenzangu. Usidhani nimekuwa malaika. Hata nikilitaja jina lako nitakuwa natamani lingekuwa langu. Lakini nitalitaja.

Muthoni